Jinsi paipu yangu ya kubadilishia maji ya samaki ilivyomfanya baba mkwe akose kanisa

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Leo mvua ya huku Kericho imenifungia ndani, nguo hazikauki na sina la kufanya, kwa hivyo acha niwape kisa.

Hiki sikuambiwa na jirani. Nilikuwepo, nikalowa hadi soksi, na mwenye kisa mwenyewe ameniruhusu niandike bora nisitaje jina lake. Mkiona mahali nimeongeza chumvi mniambie, lakini sidhani kama ilihitajika.

Kwanza mnijue. Mimi ni lab technician katika shule moja ya sekondari karibu na Kabianga, yaani yule mama wa koti jeupe anayeosha test tube wakati walimu wanasifiwa kwa mean score. Nimeolewa. Tuna binti mmoja, Chela. Mume wangu ni mtu wa majani chai: asubuhi yuko shambani, mchana yuko buying centre akibishana na mwenye mizani.

Samaki walikujaje? Klabu ya biology ilikufa pale shuleni, tangi la vioo likabaki kwa maabara likikusanya vumbi. Mwalimu mkuu akasema litolewe kabla halijavunjika na kukata mtu. Nikalitoa. Nikalitoa hadi nyumbani kwangu.

Nikaweka guppy, wale samaki wadogo wenye mkia wa kujishaua. Ndani nikawapambia na kisiki cha mchai mzee tuliokuwa tumeung'oa shambani. Kinapendeza kweli, lakini kina tabia moja: kinatoa rangi. Baada ya wiki moja maji yalikuwa kahawia kama strungi, ile chai isiyo na maziwa. Samaki hawajali, wanaipenda hiyo rangi. Binadamu ndio wenye shida nayo, kama mtakavyoona.

Sasa, anayefuga samaki anajua kazi si kulisha. Kazi ni maji.

Kila wiki unatoa kama robo au theluthi ya maji na unarudisha mengine safi. Mimi nilianza kwa kikombe. Unachota, unamwaga kwa ndoo, unachota. Mgongo unalia, na uchafu wote umebaki chini ukikucheka. Siku moja nilichota na samaki, nikammwaga na maji kwa sukuma wiki. Huyo sikumpata tena, ingawa kuku mmoja alionekana na furaha isiyo ya kawaida.

Nikasema hapana. Mimi mtu wa maabara nishindwe na siphon?

Nikatengeneza yangu.

Nilinunua mita tatu za paipu ya plastiki inayoonyesha, kwa hadiwea. Nikachukua chupa ya soda ya nusu lita, nikakata kitako chake kwa kisu, nikatoboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto na kupenyeza paipu pale. Hiyo chupa ndiyo inakaa chini kwa changarawe, inavuta uchafu na kuacha mawe. Pale mdomoni pa chupa nikafunga kipande cha stokingi kuukuu kwa raba bendi, samaki wasivutwe. Upande wa ndoo, pegi ya nguo inashikilia paipu isirukeruke.

Ukiona vile ilivyokaa, paipu ndefu yenye chujio huku mwisho, unaweza kudhani ni kitu cha duka.

Shida ilikuwa moja tu. Siphon haianzi yenyewe. Lazima uvute hewa kwa mdomo, maji yapande, uchomoe haraka na kushusha kwa ndoo. Ukichelewa, umekunywa.

Nilichelewa mara nyingi. Nimekunywa maji ya samaki kuliko samaki wenyewe. Nikajaribu kuvuta kwa drencher, ile sindano kubwa ya kumnywesha ng'ombe dawa ya minyoo, lakini haikukaa vizuri kwa paipu na mume wangu akaitaka irudi kwa ng'ombe wake. Nikarudi kwa mdomo.

Basi maisha yanaendelea, samaki wanazaana, simu ikalia.

Alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anapiga kutoka Bomet. Baba yao ametoka hospitali tena. Ini. Daktari amesema bila kupindisha: akigusa pombe tena, watu waanze kuchangia mazishi. Na pale kijijini mzee hawezi kuacha, maana nyumba ya tatu kutoka kwake wanapika busaa, na wazee wenzake wote wako hapo na mirija yao tangu saa nne asubuhi.

"Sasa tumeamua akuje kwenu," shemeji akasema. "Kwenu hakuna hiyo maneno. Mama Chela ni mtu ya kanisa, atamchunga."

Yaani mimi ndiye niliyepewa. Mzee akinywa tena, amekufa, na amefia mikononi mwangu.

Nataka mjue kitu. Huyu mzee nampenda. Nilipoolewa nilikuwa sijamaliza diploma, na watu wa boma wakaanza, oo, mke anaenda chuo kufanya nini, nani atakamua. Mzee aliweka fimbo yake chini akawaambia, "Mwacheni asome, ng'ombe nitakamua mimi." Na alikamua, wakuu. Miezi sita. Kwa hivyo simu ilipokatika sikufikiria mzigo. Nilifikiria namna ya kumweka hai.

Mume wangu naye alifikiria samaki.

"Hiyo tank itolewe sitting room," akasema. "Mzee akiona samaki kwa nyumba atalala kwa ng'ombe. Yeye kwake samaki ni nyoka tu, imekosa bahati."

Ni kweli. Wengi wa umri wake huku kwetu samaki hawajawahi kuweka mdomoni. Hata harufu yake wanaikimbia. Nikasema sawa, mgonjwa asisumbuliwe. Tukahamisha tangi hadi stoo, tukalifunika na shuka kuukuu la kijani kila upande, tukaacha pampu ya hewa ikifanya kazi humo chini ya shuka. Bububububu, mchana kutwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Ungekuwa ukweli mwepesi tu: Baba, hawa ni samaki wangu. Nikachagua kuficha.

Mzee akaja. Fimbo, redio, Biblia, na kile kiti chake kidogo cha miguu mitatu ambacho hawezi kukalia kingine. Alikuwa amekonda hadi koti lilionekana limeazimwa. Lakini alishika. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakugusa kitu. Akaanza kwenda kanisa na sisi, akaokoka mbele ya watu wote, akapewa kiti cha mbele na wazee.

Ila alikuwa mpweke, na hiyo iliniumiza. Busaa si kinywaji tu kwa watu wa rika lake. Ni kukaa mduara, chungu katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, ule wanaita rogoret, wenye kichujio kidogo cha kusuka kule mwisho ili machicha yasipande. Wanavuta, wanaongea, maji moto yanaongezwa, wanavuta tena. Mtu akitolewa hapo anabaki na jioni ndefu sana. Mimi niko kazini, mume wangu yuko kwa majani chai, mzee anaongea na redio.

Jumamosi moja nikaingia stoo kubadilisha maji.

Nilikuwa nimevaa kaptula ya mume wangu. Nimepiga magoti. Paipu imetokea chini ya shuka, iko mdomoni, nimekaza macho navuta kwa nguvu zangu zote. Ndoo iko mbele yangu, ina maji ya kahawia yenye povu juu.

Nikasikia mtu amekohoa.

Mzee alikuwa mlangoni.

Wakuu, kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani ovyo. Kuna heshima yake, hata namna ya kukaa. Kuonekana hivyo, kaptula, magoti, mrija mdomoni, niliona aibu hadi masikio yakawaka. Na mdomo umejaa maji ya samaki, siwezi hata kusema chamgei ya kumsalimia.

Nikameza.

Naye akaniangalia, akaangalia paipu, akaangalia ndoo, akageuka akaondoka polepole.

Nilipaswa kumfuata nimweleze. Aibu ikanikataza. Nikajiambia atasahau.

Nusu saa baadaye akaingia Mama Wanjiru, jirani yangu mwenye duka la nafaka hapo barabarani. Huyu mama huja kila Jumamosi na mtungi wake, maana maji ya samaki ni mbolea, na mimi humpa bure anyweshee mboga. Mzee alikuwa ameketi nje juani. Mama Wanjiru hana sauti ndogo.

"Mama Chela! Ile ya leo iko tayari? Ile ya wiki jana ilikuwa kali, ngai! Na usinipimie kidogo, jaza!"

Nikamjazia. Ya kahawia, na povu lake. Akafunga kifuniko, akamsalimia mzee kwa heshima zote, akaenda zake.

Mzee aliangalia ule mtungi hadi ukapotea kwa kona.

Jikalisheni hapo kwenye kile kiti chake mwone. Stoo imefungwa. Kitu kimefunikwa shuka na kinachemka mchana kutwa, kama chungu kinapochacha. Mke wa mtoto anavuta kwa mrija wenye chujio. Wateja wanakuja na mitungi na kusifia ukali. Wewe ungesema ni nini?

Jumatatu akaniita. "Mama Chela, hiyo kitu inalia kwa stoo ni nini?"

Na mimi, mwanamke niliyeokoka, nikafungua mdomo nikasema, "Ni friji, Baba. Imeharibika."

Akatikisa kichwa taratibu. "Friji," akasema. Aliitamka kama mtu anayeonja.

Wiki hiyo yote alinishangaza. Alianza kunisifu. Oo, Mama Chela ni mtu wa bidii. Oo, wasomi wa siku hizi wanajua kazi nyingi. Alhamisi akaniuliza kama nyanya yangu alikuwa wa kutoka upande wa Kipkelion, kwa sababu wanawake wa huko, akasema, walikuwa na mkono mzuri. Mkono mzuri wa nini? Hakusema. Nikadhani anasifia chapati.

Jumapili ikafika. Tumevaa, mzee amevaa, tai imefungwa, Biblia kwapani. Tumefika kwa geti akasimama akashika kiuno.

"Mgongo," akasema.

"Tubaki na wewe, Baba?"

"Hapana, endeni muniombee. Ni shita kitoko tu." Ndivyo ulimi wake unavyotamka "shida kidogo".

Tukaenda. Na tulimwombea kweli, mchungaji alitaja mgongo wake kwa jina.

Tumerudi saa saba hivi, jua limewaka, barabara imekauka. Nikaona maji yanatoka chini ya mlango wetu wa mbele. Yanatoka kwa ngazi, yanaingia kwa maua. Ya kahawia.

Nikakimbia na viatu vya kanisa hadi ndani. Sitting room ilikuwa bwawa. Mkeka unaelea. Na mzee ameketi kwa kochi, miguu yote miwili ameipandisha juu, suruali imelowa hadi magotini, redio amepakata na imezimwa.

"Baba, nini imetokea?"

"Mvua," akasema.

Mume wangu aliangalia nje kwenye jua. Akaangalia ndani.

Nikaenda stoo. Wakuu, naomba mnipe nafasi niwachoree vizuri.

Shuka lilikuwa bado limefunika tangi lote, ila kona moja imeinuliwa kidogo, ya kupitisha paipu. Mbele ya tangi, kimepangwa vizuri kabisa, kiti cha miguu mitatu. Hakuingia kuiba tone akiwa amesimama kama mwizi. Alikuja na kiti chake. Alikuja kukaa.

Paipu ilikuwa sakafuni, na katikati yake imekazwa kwa fundo la nguvu tai ya kanisa.

Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja, Mama Wanjiru, friji, mkono mzuri, yote. Mzee alivuta kwa ufundi wa miaka hamsini. Kikampanda mdomoni kitu ambacho hakikuwa busaa. Akatupa paipu chini. Lakini paipu ya siphon ukishaianzisha haijali kama umeitupa, ilimradi mwisho wake uko chini inaendelea kumwaga. Mzee wa watu akaona mrija unamwaga wenyewe bila mtu kuuvuta, mwaka wa sabini na ngapi wake duniani hajawahi kuona hivyo. Alijaribu kuuzima, haukuzimika. Mwishowe akaunyonga kwa tai.

Hiyo tai iliokoa samaki, nawaambia. Nilipochungulia kulikuwa kumebaki maji ya vidole vinne, wote wamejazana kwenye kona.

Nyuma yangu mume wangu alikuwa ameshaelewa nusu yake, ile nusu mbaya. Aliona kiti, akaona paipu. Akarudi sitting room, sauti imepanda.

"Baba, ulikuwa unatafuta pombe? Kwa nyumba yangu? Na tulikuacha ukisema mgongo? Umekunywa nini?"

Mzee anaangalia redio.

"Nampigia bro. Akuje akuchukue leo leo, kama ni kufa ukafie kwako."

Na akatoa simu.

Nilijua huko Bomet busaa iko nyumba ya tatu. Angerudishwa leo, kesho angekuwa kwa mduara, na tungemzika kabla ya Krismasi. Mambo ya heshima ya mke wa mtoto niliyaweka kando kwanza. Nikamnyang'anya mume wangu simu, nikaenda kwa mzee, nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mkono hivyo.

"Baba, njoo."

Tukatembea kwenye maji hadi stoo. Nikavuta lile shuka lote likaanguka.

Guppy walikuwa wamejipanga kwenye kioo wakitutazama, midomo inafunguka na kufunga.

Mzee aliinama. Aliangalia kwa muda mrefu. Aliweka kidole kwa kioo, wakakifuata.

"Samaki," akasema.

"Ndio, Baba. Hakuna pombe hapa. Haijawahi kuwa."

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza daktari jambo la aibu:

"Na hii... hii kitoko kitoko... wako ngapi?"

"Kumi na tatu. Kwa nini?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kumi na mbili. Nikaitoa paipu majini, nikaona ile stokingi imechomoka kwenye chupa.

Mzee alishika koo.

"Kuna kitu ilipita," akasema.

Wakuu, nilikaza meno. Naapa nilikaza. Nilifikiria misiba yote niliyowahi kuhudhuria. Lakini mume wangu, yule aliyekuwa akitoa moshi dakika mbili zilizopita, alitoa sauti fulani puani, na hapo nikaisha. Nilicheka hadi nikakaa kwenye maji. Mume wangu akashikilia mlango. Na mzee, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake tangu afike, akaanza kutikisika mabega, akacheka, akacheka, halafu kicheko kikageuka na tukaona analia.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne sijakunywa. Nikaona wewe unafuta mrija, nikasema hata huyu, mtu ya kanisa. Nikasema basi nionje kitoko tu, moja. Hata nilifunga macho nikiomba msamaha mbele."

Mume wangu aliinama akaokota kile kiti cha miguu mitatu, akakipangusa na shati lake la kanisa, akampa baba yake akalie.

Mchana huo tulipiga deki wote wanne, hata Chela na kikombe. Tukakubaliana kwamba shemeji na watu wa Bomet hawatasikia, itabaki ndani ya nyumba.

Tangi nikalirudisha sitting room, bila shuka.

Jumamosi iliyofuata nimekuja na paipu yangu, mzee akanyoosha mkono. "Leta," akasema. Aliketi, akaweka mwisho mdomoni, akavuta mara moja tu, fyuu, akaushusha kwa ndoo. Hakuna hata tone lililomgusa ulimi. Mimi naifanya hiyo kazi kwa mwaka mzima na bado nameza. Akaniangalia kwa dharau kidogo, ile dharau ya fundi.

Kisha akashika ile stokingi yangu kwa vidole viwili kama kitu kilichokufa. "Hii ni takataka."

Akaomba uzi wa gunia na kisu. Siku mbili alikaa kwa veranda akisuka. Alinitengenezea kichujio kidogo cha kusuka, kimebana, chembamba, kama kile cha rogoret yake. Tangu siku hiyo hakuna samaki aliyepita, hata wale wa kuzaliwa jana. Maji yanaenda vizuri na hakizibi. Nimetafuta mtandaoni, sijaona kinachouzwa kinachokishinda.

Sasa Jumamosi ndiyo siku yake. Mama Wanjiru akija, mzee mwenyewe anamjazia mtungi, wanabishana kuhusu kabichi mpaka saa sita. Amejua samaki gani mjamzito na gani mchokozi. Jioni zake zimefupika.

Lakini kisa hakijaisha.

Miezi kama miwili baadaye tuko kanisani, wakati wa ushuhuda. Mzee akasimama. Mume wangu akaniangalia, nikamwangalia. Yule tuliyekuwa tunamfichia siri amekamata maikrofoni, na shemeji kutoka Bomet alikuwa amekuja kututembelea, ameketi mstari wa pili.

Mzee akasema yote. Hakuacha kitu. Alisema kuhusu mgongo, mchungaji akainamisha kichwa. Alisema kuhusu friji, nikatafuta mahali pa kuingia. Alisema kuhusu tai, na aliyoivaa siku hiyo ilikuwa ile ile. Watu walikuwa wanashikilia viti.

Halafu akanyoosha kidole juu, kanisa likatulia.

"Kwa ile harusi ya Kana, Yesu alikuta maji akageusa ikawa divai. Kwa sababu wale watu walikuwa na kiu nzuri. Mimi kiu yangu ilikuwa mbaya. Kwa hivyo alikuta busaa yangu, ile nilikuwa nimeshakunywa kwa roho, akageusa ikawa maji ya samaki. Na ili nisisahau, akaongeza na samaki mwenyewe."

Mchungaji alifungua mdomo aseme amina, akashindwa. Shemeji alikuwa ameweka kitambaa usoni, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Ila alipotoka nje alienda moja kwa moja kwa baba yake, akamshika kwa mikono miwili, na hakuzungumzia habari ya kumrudisha Bomet.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Hajagusa.

Nilichojifunza mimi, kwanza ni cha samaki: funga chujio lako vizuri, na usiache paipu mahali ambapo mtu anaweza kuivuta ukiwa haupo. Badilisha theluthi, sio yote, kama mzee wangu alivyofanya. Na maji ya bomba yaache kwa ndoo siku nzima kabla ya kuyatia.

Cha pili ni cha watu. Nilidhani kumchunga mtu aliyeacha pombe ni kumfungia milango na kumwombea. Hakuna aliyewaza kumpa kazi ya mdomo wake na mikono yake, na mtu wa kukaa naye. Hiyo tuliipata kwa makosa, tukiwa tumelowa.

Na cha tatu, ukidanganya kwamba ni friji, uwe na friji.

Haya, uwanja ni wenu. Wafugaji wa samaki, njooni mniambie mnaanzisha siphon zenu vipi bila kumeza. Na wenye mzazi aliyeacha chupa, mlimpa nini cha kushika badala yake? Hilo la pili nauliza kwa dhati, maana juzi wazee wawili wa rika lake wametoka Bomet kuja kumwona, mikono inatetemeka, wakakaa naye mbele ya tangi hadi jioni, na walipokuwa wanaondoka mmoja wao aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea paipu.